Pumzi na Sauti ya Chini



Mtume Paulo, alipowaonya Wakorintho juu ya kunena kusikofahamika, aliutwaa mfano wake katika filimbi na kinubi (1 Kor. 14:7), ya kwamba chombo kisichopambanua sauti zake hakimfai asikiaye. Nasi na tutazame chombo kimoja cha kupulizwa, yaani klarineti ya besi, tuone jinsi mtu ajifunzavyo kukipiga.

Chombo hiki hushuka oktavu moja chini ya klarineti ya kawaida. Fundi Mbelgiji, Adolphe Sax, alikitengeneza upya, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1838. Lakini miaka miwili kabla ya hapo, Meyerbeer alikuwa amekwisha kukipa kazi kubwa katika opera yake Les Huguenots huko Paris. Opera hiyo yahusu Waprotestanti wa Ufaransa waliouawa mwaka 1572, na ndani yake umo wimbo wa Luther wa ngome (ingawa watu wale walimfuata Calvin!). Karibu na mwisho, mtumishi mzee Marcel awaunganisha katika ndoa wawili walio karibu kufa, na klarineti ya besi humwitikia peke yake.

Basi, atokaye kwenye klarineti ndogo hudhani amekwisha kujua, kwa kuwa vidole karibu ni vile vile. Huibana tete kwa midomo kama alivyozoea. Mara sauti yamruka juu, ikilia kwa ukali. Naye huzidi kubana. Mwalimu humwambia alegeze taya, afungue koo, atoe pumzi nyingi yenye joto, kama mtu apashaye mikono wakati wa baridi. Tena kifuniko kimoja cha juu kikivuja kidogo tu, sauti za chini hazitoki hata apulize namna gani.

Sisi tufundishao twaijua sana tabia hii ya kubana. Wasikilizaji wasipofahamu, twakaza sauti, wala hatuulizi ni wapi panapovuja.

Wengi huacha mapema. Mara nyingi nyimbo zenyewe huchukuliwa na vyombo vidogo, na mpigaji wa chini husifiwa mara chache. Walakini akikosekana, wote husikia pengo.

Ajaribuye na aanze na tete laini, kwa sauti moja ndefu, robo saa kila siku. Zile za juu zitamngoja.