Haki ya Mbwa Mkubwa kwa Amfugaye

Lugha yetu haikumheshimu sana mbwa. Mtu akitaka kumtusi mwenziwe humwita jina hilo, na wengi wa wazee wetu hawakumruhusu kuvuka kizingiti. Hapa Bujumbura, hasa katika mtaa wa Buyenzi ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya barazani, mbwa huwekwa mbali na mkeka wa sala, na afugwaye hufugwa kwa ulinzi. Hata hivyo, katika mtaa huohuo husimuliwa habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumtekea maji mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo swali la haki ya mbwa si geni kwetu.

Swali hilo huwa zito zaidi mtu mwenye nafasi anapotamani mbwa wa mbegu kubwa, kama Boerboel wa Afrika Kusini au Great Dane wa Ulaya, ambaye akikomaa aghalabu huzidi kilo 50. Mbwa wa kilo 60 huhitaji kwa siku nguvu ya chakula ikaribiayo ile ya mtu mzima. Amletaye nyumbani ameongeza mlaji kamili, tena mlaji asiyelima. Je, jambo hilo lafaa katika nchi ambayo uchunguzi wa afya wa 2016–2017 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa?

Wako wasemao kwamba madhali watu wana njaa, mbwa atosheke na ukoko wa sufuria. Rai hii ina sura ya huruma, lakini tukiipima tunaona kasoro yake. Mtoto wa jirani hashibi kwa sababu mbwa wetu amekonda. Njaa ya mtoto ni hoja ya kutomleta mbwa mkubwa. Si hoja ya kumnyima chakula aliyekwisha kuletwa. Mbwa hakuomba kuja. Wahenga walisema, “Mgala muue na haki umpe.” Ikiwa adui ana haki yake, sembuse mlinzi akeshaye usiku tukiwa tumelala?

Tuangalie na upande wa pili. Katika mji wetu, penye mbwa mkubwa aghalabu pana zamu langoni, na mara nyingi yeye ndiye apelekaye sahani ya mbwa. Ikiwa katika sahani hiyo mna nyama, naye zamu anarudi kwenye maharagwe yasiyo na mafuta, na mshahara wake wa mwezi uliopita haujalipwa, hapo pana dhuluma. Lakini dhuluma hiyo haitokani na mbwa kushiba. Inatokana na bwana aliyelipa anasa kabla ya kulipa deni. Utaratibu wa haki ni huu: kwanza walio wetu na wanaotutumikia, kisha mnyama. Asiyeweza kuyatimiza yote mawili, mbwa mkubwa si wake. Walimu wengi, kwa mishahara tuijuayo, tumo katika fungu hilo, wala si aibu.

Tuseme basi kwamba uwezo upo. Je, haki ya mbwa ni kujaziwa sahani? Hapa ndipo wenye mapenzi wanapopotoka. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watoto wa mbwa wa Great Dane. Waliopewa chakula kinono bila kipimo walipata maradhi ya mifupa na viungo kuliko wenzao waliopimiwa. Sababu yake ni kwamba mwili hunenepa upesi, ilhali mifupa ya mbwa mkubwa huchukua mwaka mmoja na nusu hata miwili kukomaa. Tena, mtoto wa mbwa hawezi kuizuia vyema kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini. Anayemwongezea unga wa mifupa juu ya chakula kilichokamilika, ili “awe na nguvu,” humharibia miguu. Kipimo chema ni mkono: mbavu ziguswe kwa urahisi chini ya ngozi, lakini zisihesabike kwa macho.

Aliyekomaa naye ana hatari zake. Tumbo lake laweza kujaa hewa na kujipinda, akafa katika muda wa saa chache. Kwa hiyo chakula cha siku kigawanywe mara mbili au zaidi, wala asikimbizwe baada ya kula. Ugali mtupu haumtoshi. Huhitaji nyama au samaki, na ndagala wa ziwa letu wafaa kwa kiasi, huku daktari wa mifugo akiulizwa juu ya vipimo. Mchuzi wa jana wenye vitunguu ni sumu kwake, hali kadhalika chokoleti na zabibu. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma matumbo.

Kwa ufupi, haki haikai katika wingi. Hukaa katika kipimo. Mwenye kumshindisha mbwa na njaa na mwenye kumvimbisha wana kosa linalofanana: wote wawili hawakumtazama yeye. Wa kwanza alitazama mfuko wake, na wa pili alitazama sifa atakazopewa na wapita njia.

Kiswahili hutumia neno moja, kufuga, kwa mbwa na kwa ndevu. Lakini mwenye ndevu akizichoka huzinyoa, na hakuna aliyedhulumiwa. Tunapowafundisha wanafunzi wetu neno hili, tuwaonyeshe na tofauti hiyo. Kufuga chenye uhai ni kukubali deni la kila siku, asubuhi na jioni, mpaka mmoja atangulie.