Tumeshinda, Wameshindwa

Tofauti kati ya "tumeshinda" na "wameshindwa" katika lugha yetu ni ndogo sana. Silabi moja hubadilika mwanzoni, na sauti moja huongezeka karibu na mwisho. Walakini katika nafasi hiyo ndogo moyo wa mtu huweza kujulikana. Mwezi huu twataka kuuliza: Mtu aipendaye timu asiyoichezea, ana haki gani juu ya wachezaji siku waliposhindwa? Tumechagua mfano wa mbali, katika vyuo vikuu vya Marekani, kwani huko jambo hili limeonekana wazi, na aliye mbali na ugomvi huweza kuupima kwa utulivu.

Kila mwaka, mwezi wa Machi, vyuo vikuu vya Marekani hufanya mashindano makubwa ya mpira wa kikapu. Katika mashindano ya wanaume ya mwaka 2018 timu 68 zilichaguliwa, nazo ziligawanywa katika mafungu manne. Katika kila fungu hupangwa kwa daraja, tangu la kwanza hata la kumi na sita, na ile ya daraja la kwanza huanza kwa kucheza na ile ya kumi na sita, yaani mwenye nguvu na mnyonge. Tangu mwaka 1985 timu hizo zilikuwa zimekutana mara 135, na mara zote 135 mwenye nguvu alishinda.

Tarehe 16 Machi 2018, mjini Charlotte, timu ya Chuo Kikuu cha Virginia iliingia uwanjani ikiwa imeshinda michezo 31 na kushindwa 2 tu, nayo ilihesabiwa kuwa ya kwanza katika timu zote. Ilikutana na vijana wa chuo kimoja cha Maryland kiitwacho kwa kifupi UMBC, ambacho watu wengi hawakujua hata jina lake. Hata nusu ya mchezo walikuwa sawasawa, 21 kwa 21. Katika nusu ya pili wale wanyonge walipata pointi 53, na Virginia 33. Mwisho ulikuwa 74 kwa 54. Basi jambo ambalo halijatokea mara 135 lilitokea mara ya 136.

Waliokuja kushangilia Virginia walikaa kimya, na wengine waliinamisha vichwa. Hilo si ajabu. Lakini wako waliovuka mpaka. Kyle Guy, mmoja wa wachezaji wale, aliyekuwa kijana wa miaka 20, aliandika waziwazi mwezi uliofuata juu ya mashaka ya moyo yaliyomwandama, na juu ya vitisho vya kuua walivyoletewa. Tufikiri vema neno hili. Kijana alitupa mpira, mpira haukuingia, na mtu mzima asiyemjua akamtakia mauti.

Hatusemi kwamba huzuni ya mashabiki ni upuzi. Mtu aliyesoma katika chuo fulani, au ambaye baba yake alisoma huko, huipenda timu ile kama apendavyo jina la nyumba yao. Apendaye hawezi kuepuka huzuni, kwani upendo usioweza kuhuzunika ni tamaa ya kufurahi tu. Kwa hiyo hatumlaumu aliyelia. Swali letu ni hili: akiisha kulia, ageukie wapi?

Mwaka 1976 mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Cialdini, pamoja na wenzake, walitoa habari za uchunguzi walioufanya juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Mchezo walioutazama ulikuwa mwingine, ule mpira wa miguu wa Kimarekani, lakini moyo wa mtu ni ule ule. Waliona ya kuwa siku ya Jumatatu, ikiwa timu ya chuo imeshinda, wanafunzi walizidi kuvaa nguo zenye jina la chuo chao. Tena walipoulizwa habari za michezo, walielekea kusema "sisi" katika habari ya ushindi kuliko katika habari ya kushindwa. Walioshinda walikuwa "sisi". Walioshindwa walikuwa "wao". Wala hapana aliyewafundisha kusema hivyo.

Hapa ndipo twaona kiini cha jambo lenyewe. Neno "sisi" lina deni ndani yake. Atakaye kusema "tumeshinda" siku ya furaha, hali hakukimbia hata hatua moja uwanjani, amekopa heshima kwa jasho la wengine. Si vibaya kukopa, kwani ndugu hukopeshana. Lakini siku ya kushindwa ndiyo siku ya kulipa, na malipo yake ni kusema "tumeshindwa" kwa sauti ile ile. Asemaye "wameshindwa", na kuwatukana juu yake, ni mkopaji aliyeruka deni. Wazee wetu walisema, Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtu aliyeweka heshima yake yote katika mikono ya vijana kumi na wawili, hana budi kuwa maskini kila wanapochoka. Basi ghadhabu yake si ya upendo, bali ni ya mtu aliyepotewa na mali isiyokuwa yake.

Lakini yuko atakayetujibu: "Mimi nimelipa kiingilio, tena vijana wenyewe sasa hulipwa. Je, sina haki ya kudai?" Ni kweli kwamba mambo yamebadilika. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo huko wameruhusiwa kupokea fedha kwa matumizi ya majina yao, na tangu Julai 2025 vyuo vyaweza kuwalipa moja kwa moja. Twakubali kwamba alipwaye adaiwa bidii, na akiwa mvivu aambiwe. Lakini ushindi hauwezi kuuzwa, kwani haumo mikononi mwa upande mmoja. Wale wengine nao walifanya mazoezi, nao wana mama zao na mwalimu wao. Aliyenunua nafasi ya kutazama amenunua mashindano, na mashindano ni jambo ambalo mwisho wake haujulikani. Kama mwisho ungejulikana, asingetoa hata senti moja. Basi amepewa kitu kile kile alichokilipia.

Liko jambo jingine lililozidisha uchungu huu. Tarehe 14 Mei 2018, miezi miwili baada ya mchezo ule wa Charlotte, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria iliyozuia majimbo yasiruhusu kamari ya michezo. Tangu hapo majimbo mengi yameiruhusu. Siku hizi mtu aweza kuweka fedha hata juu ya pointi za kijana mmoja tu. Naye kijana yule akikosa, mwenye kamari humwona kama mwizi aliyemwibia. Mwaka 2024 Charlie Baker, mkuu wa chama cha NCAA kisimamiacho michezo ya vyuo, aliyaomba majimbo yakataze kamari ya namna hiyo juu ya wanafunzi. Sisi twasema kwamba mwenye kamari si shabiki. "Sisi" yake ni yeye na fedha yake, wala timu haimo.

Je, maana yake watu wanyamaze, wasiseme lo lote? La, hasha. Kusema kweli si kutukana. Yafaa kusema kwamba timu ilicheza vibaya, ya kuwa ilichelewa kubadili njia yake, ya kuwa wapinzani walikuwa hodari zaidi. Tony Bennett, mwalimu wa Virginia, alisema hivyo mwenyewe usiku ule mbele ya waandishi wa habari. Hakutafuta udhuru, alikiri kwamba walipigwa, akawasifu walioshinda. Mithali yasema, Asiyekubali kushindwa si mshindani. Twadhani mithali hiyo yamhusu shabiki pia. Akitaka kuhesabiwa katika washindani siku ya ngoma, akubali kuhesabiwa siku ya kimya. Kipimo ni rahisi: neno unalotaka kulisema juu ya kijana yule, waweza kulisema mbele ya mama yake? Ikiwa haiwezekani, si neno la kweli bali la hasira.

Wengi wajua yaliyofuata. Mwaka 2019 Virginia ilirudi. Tarehe 6 Aprili, katika mchezo na Auburn, ilikuwa nyuma kwa pointi mbili, na muda uliobaki ni sehemu sita za kumi za sekunde moja. Kyle Guy, yule aliyetishwa, alipewa kutupa mpira mara tatu bila kuzuiwa, akaingiza zote tatu, wakashinda 63 kwa 62. Siku mbili baadaye waliishinda Texas Tech 85 kwa 77, wakawa mabingwa. Habari hii ni tamu, lakini tujihadhari nayo, isitufundishe kwamba walioshindwa wastahili heshima kwa sababu watashinda kesho. Timu ya Purdue nayo, ikiwa ya daraja la kwanza, ilishindwa na ile ya kumi na sita tarehe 17 Machi 2023. Mwaka uliofuata ilifika mchezo wa mwisho, ikashindwa tena. Je, hao wastahili heshima kidogo kuliko Virginia? Kama heshima yangojea kikombe, basi si heshima, bali ni kamari nyingine.

Tutazame mtu mmoja tu, Kihei Clark. Mwaka 2019, katika mchezo na Purdue, muda ulipokuwa ukimalizika, aliukimbilia mpira uliotoroka, akautupa mbali kwa Mamadi Diakite, mwana wa Guinea, naye akafunga, na Virginia ikaokoka. Tarehe 16 Machi 2023, katika mchezo na Furman, Clark yule yule alizingirwa pembeni zilipobaki sekunde chache, akatupa mpira mbali tena. Safari hii ulinaswa na wapinzani, wakafunga, na Virginia ikashindwa 68 kwa 67. Mkono ni mmoja, na moyo wa kuthubutu ni mmoja. Aliyesema "kijana wetu" mara ya kwanza, na "yule" mara ya pili, hakumpenda Clark hata siku moja. Alipenda furaha yake mwenyewe.

Mchezo huu ulibuniwa mwezi wa Desemba 1891 mjini Springfield, na James Naismith, mtu aliyesomea elimu ya dini kabla ya kuwa mwalimu wa michezo. Baadaye alifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Kansas, akashinda michezo 55 na kushindwa 60. Mwenye kuutunga mchezo alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, wala hakuuacha, na jina lake halikupungua.

Basi, wapenzi wasomaji, neno hili si la Marekani tu, kwani nasi tuna timu zetu, na shule zetu, na watoto wanaofanya mitihani. Siku wanaporudi hali nyuso zimeinama, tuangalie ni silabi ipi inayotangulia kinywani mwetu. Aliyekuwa nao jana katika shangwe, na awe nao leo, aseme pamoja nao, "Tumeshindwa."