Karatasi za Marehemu

Katika matanga ya huku kwetu Machakos, kamati huundwa machozi yakingali mabichi. Kuna mwenyekiti na mweka hazina, kuna wa kutafuta basi, kuna akina mama wa jikoni na kijana wa kuandika kijitabu cha ibada. Sijaona mtu akipewa kazi ya kutunza karatasi: nambari ya OB kutoka polisi, ripoti ya daktari aliyepasua mwili, risiti za mochari na za jeneza. Hizo hutiwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukasukumwa chini ya kitanda cha mjane.

Na anayezidai anajua atakavyosemwa. Mwili hata haujazikwa, huyu ameanza kuulizia pesa! Mzee atasimama aseme ni mapenzi ya Mungu, na watu wataitikia amina. Mimi pia huitikia. Lakini vipo vifo ambavyo Mungu anasingiziwa.

Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, hapa hapa Machakos, liliteketea na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu kabla, mwezi huohuo wa Machi, wasichana 26 walikuwa wamekufa kwa moto katika bweni la shule ya Bombolulu huko Pwani, nako mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hatari hiyo ilikuwa ngeni.

Wanafunzi wawili wa Kyanguli walishtakiwa kwa mauaji, na kesi ikavunjika bila mtu kutiwa hatiani. Hapo wengi wetu tungekunja mikeka. Wazazi walikuwa na kesi yao nyingine, ya madai, na nadhani swali lao ndilo lililokuwa zito zaidi. Jinai iliuliza nani aliwasha moto. Wao waliuliza kwa nini watoto hawakuweza kutoka. Swali la kwanza hudai ushahidi usioacha shaka yoyote ya maana. Kwa la pili inatosha kuonyesha kwamba yaelekea zaidi uzembe ulikuwepo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliwapa haki wazazi. Fidia haikufika shilingi milioni moja kwa kila mtoto. Aliyezaliwa mwaka wa moto alikuwa amefika sekondari.

Ni kidogo, ndiyo. Sheria humhesabu marehemu kwa alichokuwa akiwaletea wanaomtegemea, na mtoto wa shule haleti mshahara. Angalau majaji wetu hawakukwama hapo. Katika rufaa ya Mombasa ya mwaka 1991 iliyoihusu kampuni ya bia ya Kenya Breweries, walikubali kwamba wazazi wa nchi hii hulea wakitarajia kusaidiwa uzeeni, kwa hiyo mtoto akifa nao wamepoteza tegemeo. Yeyote aliyewahi kuuza ng'ombe alipe karo angewaambia hivyo bila kuvaa joho.

Sheria ya Ajali za Vifo inawatambua mke, mume, wazazi na watoto. Babu, nyanya na wajukuu wamo pia. Kaka na dada hawamo. Yule kifungua mimba aliyeacha shule ili mdogo wake asome, sheria haimwoni kabisa, na hili mimi silikubali. Wadai wakishajulikana, kuna idhini ya mahakama ya kumsimamia marehemu kwa ajili ya kesi tu, ambayo haingoji mirathi yote igawanywe. Barua ya chifu na cheti cha kifo ndizo mwanzo wake. Mabroka wa kesi za fidia wanaowahi mochari kila basi linapopinduka katika barabara ya Mombasa wanaijua idhini hiyo kuliko sisi. Ndiyo maana wajane wengine hutia sahihi wasichokisoma, kisha wakapokea makombo.

Kinachoniuma hasa ni muda. Ukimshtaki mtu binafsi au kampuni kwa uzembe, una miaka mitatu. Ukiishtaki serikali, iwe kwa shule yake au hospitali yake, una miezi 12 tu. Mwenye mali nyingi kuliko wote, mwenye mawakili wa mshahara, ndiye amejipa kinga ya muda mfupi kuliko wote. Kwa desturi zetu mwaka wa kwanza ni wa kulia na kujenga kaburi. Anayeomboleza ipasavyo huchelewa mahakamani.

Hata anayewahi na kushinda hana ruhusa ya kupeleka madalali kwenye magari ya wizara, kwa kuwa mali ya serikali haikamatwi kwa deni. Hupewa cheti kinachosema anadai kiasi gani, naye hukibeba Nairobi, ofisi hadi ofisi, akiulizwa kila mlangoni kama amekuja na nakala.