Kwani Hawalipwi?

Mwaka jana, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nilikuwa kijiweni na wenzangu tukisikiliza redio. Mtangazaji alikuwa akiwazungumzia askari wetu waliolala Kaboya, kule Kagera, waliokufa katika vita vya 1978 na 1979. Mwenzetu mmoja akasema, "Sasa shukrani ya nini? Kwani hawalipwi? Mbona fundi akikujengea nyumba humjengei mnara?"

Wote wakaangua kicheko. Mimi nimezaliwa kwenye kota za jeshi na baba yangu ni askari mstaafu, lakini jibu sikuwa nalo. Nikabaki kumeza mate tu. Ndugu msomaji, tangu siku ile swali hilo halijaniacha. Je, kazi iliyokwisha kulipwa mshahara bado inadai shukrani?

Kwanza nikiri kwamba mwenzetu hakukosea kote. Askari ana mshahara, ana cheo, na alijiandikisha mwenyewe. Tena si kila avaaye magwanda ni malaika, na shukrani isiyouliza maswali hugeuka kuwa kujipendekeza. Lakini mshahara humlipa yule aliyetia sahihi. Hebu tujiulize: na wale ambao hawakutia sahihi popote je?

Mama yangu hakutia sahihi. Baba alipokuwa safarini, alitulea watoto wanne peke yake. Nikisema peke yake nadanganya, maana ukuta wa pili aliishi mama mmoja tuliyemwita Mama Mdogo. Kabila mbali, dini mbali. Mumewe na baba walikuwa makuruta pamoja, basi. Mama alipolazwa kujifungua kitinda mimba wetu, Mama Mdogo alituhamishia kwake. Maharage yakaongezwa maji, tukala wote. Sisemi kwamba kota ni peponi. Umbeya ulikuwepo, na ugomvi wa foleni ya maji. Hata hao wawili waliwahi kununiana mwezi mzima kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Lakini mtoto akiugua usiku, kamba ilisahaulika.

Kisha ikaja Desemba 2017. Baba na mume wa Mama Mdogo walikuwa Kongo, katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa. Tarehe 7 waasi walivamia kambi ya Semuliki, kule Beni, Kivu Kaskazini. Askari wetu wasiopungua 14 waliuawa, na wengine wengi wakajeruhiwa. Habari zilipotufikia, majina hayakutajwa. Kina mama wakakusanyika kwetu, simu zote zikawekwa juu ya meza moja. Hakuna aliyepika.

Simu ya mama ndiyo iliyolia kwanza. Alikuwa baba, mzima. Nikaruka, nikapiga kelele, "Ahsante Mungu!" Kugeuka, nikamwona Mama Mdogo. Simu yake ilikuwa palepale mezani, kimya. Akainuka, akamkumbatia mama yangu, akamwambia, "Mwenzangu, nashukuru." Akarudi kuketi, akaendelea kuitazama simu yake.

Yake ililia kesho yake jioni. Mumewe alikuwa hospitali. Alirudi nyumbani akitembea kwa gongo.

Nimeipima sana siku ile. Ile "ahsante" yangu ilikuwa ya nini? Kwamba mauti yamepiga hodi kwa jirani yakatupita sisi? Leo naona ilikuwa pumzi tu, kama ya mtu aliyekoswakoswa na gari. Mwenye kupata nafuu hujitazama mwenyewe. Mwenye shukrani humtazama mwenzake usoni. Mama Mdogo alishukuru kwa ajili yetu kabla yeye hajapata cha kushukuria. Nani alimlipa kwa hilo, na kwa cheo gani?

Mwaka uliofuata wakahamishwa. Ndivyo jeshi lilivyo: leo jirani, kesho lori limepakia makochi. Namba yake ikaja kubadilika, nami sikuwahi kumwambia ahsante. Nilikuwa nikijilaumu mpaka mama aliponisimulia kwamba siku moja alimwuliza Mama Mdogo amlipe nini. Akajibiwa kwamba mtoto wake wa kwanza alilelewa na mke wa koplo mmoja, kambi nyingine kabisa, na hajui yule mama yuko wapi siku hizi. "Wewe mpe utakayemkuta," akasema.

Basi jibu langu kwa mwenzetu wa kijiweni ni hili. Naam, askari analipwa, na tudai alipwe vizuri. Lakini mshahara unapoishia ndipo shukrani inapoanzia, na hapo utamkuta mkewe, watoto wake, na jirani wa ukuta wa pili. Deni la watu hao hatuwezi kulimaliza kwa gwaride la siku moja. Wema wao tunaupitisha kwa mwingine, nao ukifika huko haujaisha.

Mtaani kwetu amepanga mke wa askari mmoja ambaye yuko safari. Juzi usiku aligonga dirisha, mtoto ana homa, anataka wa kumsindikiza zahanati. Nilikuwa katikati ya makala haya. Niliyaacha, nikaenda. Mhariri anisamehe yakichelewa.