Mgeni, Kibarua na Mwana wa Nyumba

Aliyezaliwa katika familia ya Kikristo hajiulizi kama yeye ni wa Kanisa, kama vile asivyojiuliza ni lini alijifunza lugha ya mama yake. Swali hilo ni letu sisi tulioingia ukubwani. Mimi nilibatizwa nikiwa na umri wa miaka 37, katika Mkesha wa Pasaka, kwenye parokia moja ya mkoa wa Mwanza. Wazazi wangu waliishi na kufa katika dini ya mababu, nami nikawa wa kwanza nyumbani kwetu kupokea maji hayo. Je, mtu kama mimi huwa mwana kamili wa jumuiya lini?

Jibu la haraka ni kwamba ubatizo watosha. Kwa mafundisho ya Kanisa ndivyo ilivyo. Lakini Kanisa lenyewe linajua tangu zamani kwamba moyo wa mtu mzima hauhami kwa siku moja. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, alitaka mwanafunzi wa dini aandaliwe miaka 4 kabla ya kubatizwa. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe, nao uwe wa hatua kwa hatua. Hatua hizo nilizipitia. Hata hivyo, zilinifikisha mlangoni. Kukaa ndani ni jambo jingine.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumika kumsuta mgeni mvivu, lakini mimi naiona ni methali ya heshima. Mgeni hupewa kiti na chakula kizuri, wala hatumwi. Anayepewa jembe ndiye aliyeanza kuhesabiwa.

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walikutana Nairobi wakakubaliana kutilia mkazo ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Ndani ya jumuiya moja kama hizo ndimo nilimopewa jembe langu. Mwaka wa kwanza waliniita "mgeni wetu" na kunisifu kila niliposoma Neno. Mwaka wa pili mwenyekiti wetu, mama mmoja muuza dagaa, alinikabidhi daftari la michango akisema, "Kaka, hesabu unazijua." Jumamosi niliyokosa sala, mtoto alitumwa kuuliza kulikoni. Nilifurahi kuliko siku zote nilizosifiwa.

Wengi huishia hapo: tumika, nawe utakuwa wa ndani. Mimi sikuweza kuishia hapo, kwa sababu ya daftari lile. Mlikuwamo majina yenye alama mwezi kwa mwezi, na majina yenye nafasi tupu: bibi mjane mwenye kulea wajukuu, kijana asiyeinuka kitandani kwa maradhi ya mgongo. Ndipo baadhi ya wenzetu walipotaka kanuni kwamba asiyechanga asizikwe na jumuiya. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema wapo wenye uwezo wanaojificha mpaka msiba uwafike, na jeneza halinunuliwi kwa sala. Lakini kanuni hiyo ingetugeuza kuwa chama cha kuzikana. Chama cha namna hiyo ni kitu chema, ila wenyewe ni wale wanaolipa.

Familia sivyo ilivyo. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, iliyofanyika Roma mwaka 1994, ililipa Kanisa la bara letu mfano wa Familia ya Mungu. Mfano huo una deni ndani yake. Kibarua akishindwa kushika jembe, hurudi kwao. Mwana wa nyumba akishindwa, huletewa uji kitandani. Naye Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba viungo vya mwili vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa. Nilisema hayo mbele ya wenzangu. Nikaongeza kwamba mwenye uwezo anayekataa aonywe uso kwa uso, na asiye nacho asiandikiwe deni. Ubishi ulikuwa mrefu. Kanuni haikupita, ila watu wawili walituhama, wala hawajarudi hadi leo.

Baadaye niliugua, nikakaa miezi 4 bila kuchanga wala kushika daftari. Walinijia kwa zamu. Bibi yule mjane naye alikuja na unga wa ulezi katika kitambaa, nami niliona haya kuupokea, maana nilijua nyumbani kwake wanakula nini. Akaketi mpaka nikakubali. Kumpa mtu kama yeye nilikuwa nimekwisha kuzoea. Kupewa naye ndiko kulikonimaliza ugeni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kujua kama watu wa jumuiya yako ni wa ndani kweli, usitazame jinsi mnavyompokea mgeni, wala orodha ya wanaochapa kazi. Tazama jina lenye nafasi tupu, kisha uulize ni nani aliyekwenda kumwona wiki hii.