Usivumilie Kimya Kimya

Wapo walioamka leo wakitibiwa saratani kwa dawa za kuamsha kinga ya mwili, matunda ya ugunduzi uliowapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kinga ikishaamshwa huishambulia saratani, lakini yaweza kugeukia ngozi, utumbo, mapafu au tezi ya shingoni, hata miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Upele, kuhara, kikohozi kipya, uchovu usioisha: ukiwa mmoja wao, mwambie daktari mapema. Mwambie pia hofu inayokunyima usingizi na machozi unayoyamalizia bafuni, kwani nayo hutibika. Mficha maradhi kilio humuumbua. Nawe unayemuuguza mgonjwa, muulize leo jinsi alivyolala usiku, kisha keti umsikilize.