Mzee Apotewapo na Kumbukumbu

Wakatekumeni wapenzi, mzee asahauye jina la mwanawe hakurogwa, wala si mchawi: ubongo wake waugua. Yoshua bin Sira alikwisha kuagiza kwamba baba apungukiwapo na akili, mwana amvumilie. Basi, mbuzi wa kumlipa mpiga ramli auzwe, bei yake impeleke mzee Goma, Tulizo Letu, wanakotibiwa wagonjwa wa akili kwa Mafrere wa Upendo, shirika la Padri Triest lililoanzishwa Gent, Ubelgiji, mwaka 1807. Dawa ya kurudisha kumbukumbu zote haipo. Lakini hofu na kukosa usingizi hutulizwa. Gharama wagawane ndugu wote, hata wakaao mbali, wala asiachiwe binti mmoja tu, yule alalaye mlangoni mzee asipotee usiku.